Maturubai ya Lukole

Mwanangu, ninaikumbuka vizuri ile Ijumaa upepo ulipong'oa mabati ya kanisa letu, kwa sababu kesho yake nilikuwa nifunge ndoa humo ndani.

Usharika wetu ulikuwa bado mchanga. Ulianzia sebuleni kwa baba yangu, familia chache za Kihangaza zikiimba bila kinanda, hadi wazee walipojenga kuta za udongo na kuezeka bati. Sasa mabati yale yalikuwa yamejikunja kwenye migomba ya jirani. Kuahirisha hakukuwezekana. Bwana harusi na ndugu zake walikuwa wameshapanda lori Nyakanazi, na simu za mkononi hatukuwa nazo. Uani kwetu napo palikuwa padogo, na ilikuwa masika. 

Ngoja kwanza nikueleze kuhusu wenzetu wa Lukole. Kambi ile ya wakimbizi kutoka Burundi ilikuwa jirani yetu, na baadhi yao walisali nasi kila Jumapili. Tulisikilizana bila mkalimani, maana Kirundi na Kihangaza vimekaribiana. Lakini wao walikaa mabenchi ya nyuma, nasi tuliona ni sawa. Tuliwapelekea viazi na nguo, tukawaombea, tukarudi nyumbani tukijiona watu wema. Kuwaomba wao kitu, hilo hatukuliwaza kabisa.

Jumamosi asubuhi wakatokea, wanaume kwa wanawake, wamejitwika maturubai. Mbele yao alikuwa Mama Domitila, mmoja wao aliyeimba katika kwaya yetu. Baba yangu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, aliyagusa yale maturubai. Yalinuka moshi, na kamba bado zilikuwa zimefungwa pembeni. Akajua yametoka wapi.

"Mama, haya ni mapaa ya nyumba zenu," alisema. "Watoto wanalala chini yake. Hatuwezi kuyachukua."

Mama Domitila alitua mzigo wake.

"Mzee, tangu tuvuke mpaka sisi ni watu wa kupewa. Tunapewa mahindi, tunapewa maharage, hata sufuria tumepewa. Leo mmepungukiwa na kitu ambacho sisi tunacho. Usitunyime nafasi hii."

 Nilimjua Baba, alikuwa mtu wa kutoa, na kupokea kulimwia vigumu. Kisha akavua koti lake, akalitundika kwenye mti, akauliza, "Nishike kamba ipi?"

Walifunga maturubai juu ya kuta zile hadi jua likawa juu. Lori la Nyakanazi lilipofika, limejaa matope, wageni walikuta kanisa lina paa la buluu lililopigwa viraka. Mvua ilinyesha katikati ya ibada. Tone moja lilikuwa likimdondokea mchungaji shingoni, naye akaendelea kusoma kana kwamba hakuna kitu. Watu walicheka, na mimi bibi harusi nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Jioni ile hakuna aliyerudi kulala kwenye kibanda kisicho na paa. Mama aliwagawa wenzetu nyumba kwa nyumba, wakakaa nasi mpaka mabati yaliponyooshwa na kupigiliwa tena. Na Jumapili iliyofuata hapakuwa na benchi la nyuma la mtu fulani. Unamwachaje nyuma mtu ambaye watoto wake wameamka nyumbani kwako?

Baadaye wengi walirudi kwao, naye Mama Domitila akiwamo. Leo usharika una jengo la matofali na watoto wengi hata siwajui majina. Nikiketi humo namshukuru Mungu kwa waliotangulia kujenga, na namshukuru kwa wale walioletwa kwetu mikono mitupu, kama tulivyodhani.

Kwa hiyo mwanangu, jifunze kutoa, lakini jifunze pia kupokea, hasa kwa mtu uliyezoea kumsaidia. Usimwambie, "Acha tu, wewe huna." Ukikataa mkono wake unamwambia kwamba yeye kazi yake ni kuomba tu. Pokea, shukuru, kisha mkae benchi moja.

Mungu akupe nyumba isiyokosa wageni, na moyo usioona haya kusema asante. Yeye aliyetutunza sisi akutunze na wewe, na wanao baada yako.