Ngoma Isiyopigwa Uani kwa Rupsari

Ukitaka kumjua Rupsari, angalia mikono yake. Wa kulia una sugu kiganjani, wa kushoto una sugu kwenye ncha za vidole, maana ngoma yetu ya madal hufungwa kiunoni kwa mkanda na kupigwa pande mbili, na kila upande unataka mkono wake. Sugu za jembe anazo pia, nani hana hapa Thumko, kijiji chetu cha mlimani? Lakini za jembe hazimpi mtu jina. Za ngoma zilimpa. Kuanzia mtoni hadi kwenye malisho ya kondoo kule juu, ukisema Rupsari wa ngoma, hakuna anayeuliza Rupsari yupi.

Alianza mwaka akina mama walipounda kundi lao, mwanawe Manlal akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Wanaume walikuwa wameondoka, wengine jeshini, wengine Uarabuni, na mume wa Rupsari mwenyewe alikuwa ameshakufa kwa kifua katika baridi moja mbaya. Wakubwa wa wilaya walikuwa na ahadi tele, na ahadi hazipandishi mzigo mlimani. Basi wanawake wakasema, sisi tuna nini? Tuna miguu ya kucheza, na tuna Rupsari wa kupiga. Mwanamume akirudi kutoka ng'ambo, walimsubiri juu ya mteremko, wakamvika shada la maua ya manjano, wakambandika tika, alama ya baraka ya mchele mwekundu, kwenye paji la uso, wakamsindikiza mpaka kwake. Walimchezea uani hadi mama yake akalia kwa furaha, naye akatoa alichojaaliwa. Sikukuu ya taa ya Tihar ikifika, walipita nyumba kwa nyumba, Rupsari akitunga beti za baraka na wenzake wakiitikia. Ngazi za mawe unazozipanda kutoka barabarani hadi huku, kila jiwe limelipwa kwa ngoma hiyo. Maji ya bomba vilevile. Na ukumbi wa kundi, ingawa paa lake linavuja mpaka leo na tumechoka kulisema.

Rupsari alikuwa na sheria zake, na ole wako uzivunje. Ulevi marufuku mpaka nyumba ya mwisho. Asichekwe mtu aliyeanguka akicheza. Na nyumba yenye msiba, mwaka mzima, ngoma inyamaze kuanzia ukuta wake wa kwanza hadi wa mwisho, asiguse mtu ngozi hata kwa kidole. Hiyo aliiweka mwaka wa kwanza kabisa, walipopita wakipiga mbele ya mjane aliyekuwa na siku arobaini tu tangu afiwe. Yule mjane alitoka akasimama mlangoni, akawatazama, akarudi ndani. Rupsari hakulala siku mbili kwa aibu.

Ila mdomo wake, jamani! Mdomo ule haukuwa na sheria. Jirani yake Jitman aliporudi baada ya miaka minne ya jangwa, aliwapa akina mama noti moja ya rupia mia, tena imekunjwa mara nne. Rupsari hakungoja hata watoke uani. Alipiga ngoma akaimba papo hapo:

"Ndege ilikuja nzito, mkoba ukaja mwepesi,
miaka minne jangwani, karatasi moja, basi!"

Wanawake walicheka wakashikana mabega. Watoto wakaudaka ule wimbo, wakawa wanamwimbia Jitman kila akienda kuchota maji. Alivumilia wiki mbili, akabeba begi lake akaenda zake India kulinda mageti ya watu. Mkewe Khimkala alibaki, na wala hakutoka kundini. Alicheza mstari wa nyuma kama siku zote, na Rupsari, ambaye hakuwa mbaya, alikuwa mdomo tu, alianza kumfundisha ngoma. Labda kwa kujutia. Hakuwahi kusema, na Khimkala hakuwahi kuuliza.

Kitu kimoja Rupsari alikitaka duniani, na kijiji kizima kilikijua. Alikuwa amechezea nyua za watu wote, lakini uani kwake ngoma ya kumkaribisha mtu haikuwahi kulia. Manlal alikuwa na miaka saba Uarabuni. Kila mwaka, "Mwakani, mama." Rupsari alishona mkanda mpya wa ngoma, wa mahameli nyekundu, akaukunja sandukuni kwa ajili ya siku hiyo. Wenzake walimtania, "Huo mkanda utaliwa na nondo kabla mwanao hajaja." Naye akawajibu, "Nondo wa kwangu wamefundishwa adabu."

Simu ilikuja mwezi wa joto, kabla ya mvua.

"Mama, narudi. Jumatano."

"We Manlal! Mbona sauti imekufa hivyo?"

"Figo, mama. Zimegoma zote mbili. Kule juu ya mapaa tuliyojenga jua lilikuwa kali na maji ya kunywa ya kugawiwa. Waliotuajiri wamenipa tiketi, basi. Sina kitu, mama. Hata shali niliyokuahidi sina."

Mama mwingine angelia. Rupsari naye alilia, lakini baadaye. Kwanza alisikia ule wimbo wake mwenyewe. Aliwaona akina mama juu ya ngazi na mashada mikononi, akamwona mwanawe akipapasa mfuko mtupu, akawaza nani atamtungia ubeti, na watoto watauimba wapi.

"Sikiliza," alisema. "Usipande kwenye ngazi. Shuka pale kwenye kinu cha zamani, upite njia ya mbuzi. Nitakusubiri huko."

"Njia ya mbuzi? Sijui kama nitaiweza, mama."

"Utaiweza. Polepole."

Njia ile ni mwinuko mtupu, hata mbuzi wenyewe huwa wanasita. Manlal, kijana wa miaka ishirini na tisa, uso umevimba na miguu imejaa maji, aliipanda mchana kutwa. Alitapika mara mbili. Rupsari alimshika kiuno kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akabeba mkoba. Ulikuwa mwepesi. Upande wa pili wa shamba la ulezi, ngazi zilikuwa nyeupe juani, pana, hazina mtu. Alizijenga yeye, kwa mikono ile ile iliyokuwa imembana mwanawe. Nikifika hapa hunijia hasira mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani.

Kijijini hapafichiki mtu. Siku ya tatu Chinimaya, mwenyekiti wa kundi, alikuja akaketi barazani bila kukaribishwa.

"Dada, tumesikia Manlal yupo. Umekula milangoni kwetu miaka yote hii, leo kwako unataka tukae na njaa? Kesho tunakuja."

"Hana kitu, Chinimaya. Anaumwa."

"Nani kakwambia tunataka kitu? Tutaleta mashada, utatupikia chai, imetosha. Chai ikikosekana tutakunywa maji."

"Mimi ndiye niliyemwimba Jitman," alisema Rupsari. Alikuwa anatazama chini. "Ninyi mlicheka wote. Nitawafungaje midomo?"

"Dada, ule ulikuwa utani."

"Jitman alicheka?"

Rupsari akashika msimamo wake. Manlal atakwenda mjini, ataunganishwa na mashine ya kusafisha damu, atapata nguvu. Akipona ndipo watakuja, tena siku tatu mfululizo, na mkanda mwekundu utatoka sandukuni. Akipona! Neno hilo alilisema mara nyingi kiasi kwamba mwenyewe akaliamini.

Kundi halikukaa bure. Kwa ajili ya Manlal waliandaa tamasha uwanja wa shule, Jumamosi nzima, na watu wakaja kutoka vijiji vya pande zote za mto. Palikuwa na wanaume na wanawake wakijibizana kwa nyimbo, bahati nasibu ya mbuzi, maandazi ya pete ya unga wa mchele yakitoka motoni. Rupsari alikubali kwa sharti moja tu, jina la mwanawe lisitajwe. Kwa hiyo mwalimu aliyeshika kipaza sauti akatangaza kuwa ni mchango wa paa la ukumbi. Watu wanatoa kiasi gani kwa paa? Walitoa cha paa. Rupsari alipiga tangu asubuhi mpaka jua likaegemea mlima, akapiga kwa namna ambayo wazee walisema hawajawahi kuisikia, na kila alipopumzika alikuwa anageuka upande wa nyumba yake, ng'ambo ya matuta.

Aliporudi alimkuta Manlal ameketi kitandani, amevaa shati safi. Amechana nywele.

"Umepiga vizuri leo, mama. Nimesikia yote. Mlikuwa mnamkaribisha nani?"

"Hakuna mtu, mwanangu. Tulikuwa tunachangia paa la ukumbi."

"Aa." Akanyoosha ukosi wa shati. "Nilidhani labda mtapitia huku."

Rupsari aliinama akaanza kukoka moto ambao ulikuwa unawaka tayari.

Hela zile zilimfikisha mjini, zikampa wiki tano za mashine. Wiki ya sita alirudishwa nyumbani. Safari hii wanaume wanne walimpandisha kwa machela kwenye ngazi, maana njia ya mbuzi haipitishi machela. Akina mama walisimama pembeni, mikono mitupu, kwa kuwa Rupsari alikuwa amesema akipona. Mwishoni mwa mvua Manlal alikufa, asubuhi, mama yake akiwa amekwenda kumletea maji. Wakamteremsha kwa ngazi zile zile hadi mtoni, tunakowaaga wafu wetu.

Tihar ilikuja baada ya miezi miwili. Nyumba zote zilipakwa udongo mpya, zikawekwa taa na maua, isipokuwa moja. Rupsari aliketi mlangoni, jua likizama, akasikiliza ngoma yake ikipanda kutoka chini ya kijiji. Ilikuwa kiunoni kwa Khimkala sasa. Aliisikia ikikosea kidogo mkono wa kushoto, halafu ikajirekebisha, na vidole vyake vikajipiga gotini bila yeye kutaka. Ikafika kwenye ukuta wake wa kwanza. Ikanyamaza.

Alisikia ndara zao kwenye mawe. Wanawake ishirini wakipita kimya, wameshika nguo zao zisipige kelele. Hapo akainuka, akaingia ndani, akatoka na mkanda mwekundu, akawakuta katikati ya ua.

"Khimkala. Simama."

Khimkala alisimama, kiganja kimelazwa juu ya ngozi ili isilie yenyewe.

"Funga huu. Piga. Mara moja tu, mchezee. Hakuwahi kukaribishwa."

Chinimaya alianza kulia, kwa sauti, kama mtoto.

"Dada," Khimkala alisema, "nyumba ina msiba. Tukipiga hapa, tutaupeleka kwenye milango ya watu wote. Sheria ni yako mwenyewe. Sisi tumeishika kwa ajili yako."

"Najua ni yangu."

"Mwakani. Mwaka ukitimia tutakuja, dada. Haki ya Mungu tutakuja."

"Mwakani," alisema Rupsari, "mtakuja kumkaribisha nani?"

Alingoja. Kisha akautandika ule mkanda juu ya ukuta, akawapisha, na wao wakapita mmoja mmoja, kila mmoja akimgusa bega. Walipovuka ukuta wa mwisho ngoma ikaanza tena, maana nyumba inayofuata ni ya Khimkala mwenyewe, na juzi Jitman alikuwa amerudi kutoka India kwa ajili ya sikukuu, na begi lile lile alilokwenda nalo. Walimvika maua. Inasemekana alitoa noti ya hamsini, akimwangalia mkewe. Na Khimkala akapiga, akaimba:

"Mkoba uje mwepesi, ndege ije bila mzigo,
umerudi na miguu yako, mengine tutajaza kidogokidogo!"

Wenzake wakaitikia, na kule uani mtu akaanza kucheza. Rupsari, mlangoni kwake, hakukosa hata neno moja. Yeye ndiye aliyemfundisha Khimkala kupaza sauti ifike mbali.