Vidole Viwili Juu ya Fremu

Sauti ya sarafu ikigonga chuma bado hunirudisha uani kwetu Malaba, penye harufu ya mafuta ya taa na mpira uliopashwa moto. Mteja akiangusha shilingi kwenye kaunta ya duka langu la vipuri, mimi husikiliza kwanza inavyolia, ndipo nimtazame aliyeiangusha.

Kazi ya Baba ilikuwa kukadiria bei ya baiskeli kuukuu. Muuzaji na mnunuzi walimjia pamoja, na mwiko wake ulikuwa mmoja: asitaje mtu bei kabla yeye hajamaliza. Aliifuta baiskeli kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kwa sababu, alisema, uchafu humdanganya mnunuzi na rangi mpya humdanganya zaidi. Kisha aliipindua ikasimama kwa tandiko na usukani. Alizungusha magurudumu kuona kama yanayumba, akavuta cheni kupima ilivyolegea, akatikisa pedali. Halafu alimgeukia mnunuzi: "Itabeba nini?" Kwake baiskeli ya kwenda kanisani na baiskeli ya kubeba magunia hazingeweza kuwa na bei moja, hata kama zilitoka kiwandani siku moja.

Mwisho ilikuja zamu yangu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Nilichukua sarafu nzito ya shilingi tano nikagonga kila bomba la fremu, kutoka nyuma hadi shingoni. Bomba zima hulia kama kengele ndogo. Lenye ufa hutoa sauti fupi, kama kugonga kibuyu. Nilikuwa na majibu mawili tu: "Inalia" au "Imekauka." Nilipokuwa nikigonga, Baba aliweka vidole viwili juu ya bomba. Niliamini anaizuia baiskeli isianguke.

Siri ya nyumba yetu ni kwamba Baba alikuwa karibu kiziwi. Kinu cha posho alichokihudumia ujanani kilikuwa kimemmaliza masikio, naye alisoma midomo yetu. Watu walidhani ananifundisha kazi. Mimi ndiye niliyekuwa sikio lake, na nilienda shuleni nikitembea kama mtu mwenye cheo.

Siku moja wakati wa mvua alikuja jirani yetu, Baba Amoit, akisukuma baiskeli yake ya mashindano. Ilikuwa nyepesi, usukani umejipinda kama pembe za kondoo dume. Hakuna aliyekuwa na nyingine kama hiyo mtaani. Binti yake Amoit, niliyeketi naye dawati moja, alikuwa amelala wiki tatu tumbo limevimba, na alitakiwa kupelekwa Eldoret akapasuliwe. Mtaa mzima ulijua kwamba baiskeli ile ndiyo matibabu yake.

Mnunuzi alikuwa Wafula, kijana mchuuzi wa samaki.

"Mulembe, mzee! Hii kitu nyepesi hivi, si itapeperuka na mimi?"

"Na hilo tumbo?" Baba Amoit alijaribu kucheka. "Upepo wenyewe utakuogopa."

"Itabeba nini?" Baba aliuliza.

"Samaki, mzee. Kreti mbili, Port Victoria mpaka Busia, kabla barafu iishe." Wafula akanigeukia. "Daktari, kama huyu ni mgonjwa sema saa hii. Mimi sitaki kuoa marehemu."

Tulicheka sote. Nikaanza kugonga. Bomba la nyuma lililia, la juu likalia. La chini, karibu na shingo, mahali ambapo rangi ilikuwa mpya kidogo, lilitoa sauti ya kibuyu. Niligonga tena. Kibuyu.

Niliinua macho. Baba Amoit alikuwa akiangalia viatu vyake. Nikamkumbuka Amoit mkekani, daftari kifuani, akiniuliza tumefika ukurasa gani. Nilijua fremu yenye ufa hupata nusu ya bei, na nusu ya bei haifiki Eldoret.

"Inalia," nikasema.

Baba alitazama mdomo wangu. Vidole vyake vilikuwa palepale, karibu na shingo.

"Rudia."

Nikagonga tena. "Inalia, Baba."

Aliviondoa vidole. Kisha akataja bei ya baiskeli nzima.

Amoit alipasuliwa, akarudi akitembea ameinama, kisha akanyooka. Leo ana watoto wanne.

Kabla mvua hazijaisha, fremu ya Wafula ilikatika shingoni kwenye mteremko, kreti zote mbili zikiwa nyuma. Gurudumu la mbele lilikwenda zake, naye akaifikia lami kwa uso. Alipona bila jicho la kushoto, na taya lake halijafunga sawasawa tangu siku hiyo. Tulipokwenda kumwona, alisema kitu ndani ya bandeji. Baba hakuweza kumsoma midomo, akanitazama mimi. Ikanibidi niyarudie maneno yale polepole, uso kwa uso: "Anasema usijali, mzee. Baiskeli ilikuwa nzima. Barabara ndiyo mbaya."

Baba hakukadiria baiskeli tena. Aliwaambia watu macho yamechoka. Alikufa bila kulitaja jambo lile, nami nikaubeba uwongo wangu nikiamini ni wangu peke yangu.

Mwaka juzi nilikuwa Malaba, kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka, nikimkagulia mtu baiskeli. Injini zilinguruma hata sikuisikia sarafu yangu. Bila kufikiri niliweka vidole viwili juu ya bomba nikagonga. Bomba zima lilinitetemesha hadi kwenye kucha. Lililofuata lilikuwa na ufa. Mtetemo ukafa chini ya vidole vyangu, waziwazi kama mtu anayenyamaza katikati ya neno.

Nilisimama pale mpaka mwenye baiskeli akaniuliza, "Mama, kuna shida?" Baiskeli ilikuwa imepinduliwa, imekaa imara kwa tandiko na usukani. Isingeweza kuanguka. Hata ile isingeweza.

"Rudia," Baba aliniambia siku ile. Sasa najua hakuwa akiniuliza fremu inasema nini.

Wafula huchoma mahindi karibu na steji ya matatu, njia ya kwenda dukani kwangu. Nikipita huniita Daktari, kwa taya lile lile, na hunichagulia hindi laini. Mimi humlipa, nikala nikitembea. Nimekwisha kuyapanga maneno ya kumwambia, na kila asubuhi napita nayo.