Namba Isiyo na Nane

Enzi zetu huku mtaani Kadutu, wenzangu, hesabu ilikuwa mchezo. Mvua ilipopiga mabati hadi sauti ya mwalimu ikapotea, tulishindana kuzidisha kwa chaki juu ya madawati, vidole vikinuka sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga. Wajukuu wangu leo wanaiuliza simu saba mara nane, kisha wanalalamika kwamba chaji imeisha.

Mwisho wa mwaka wa sita, siku ya kutangaza matokeo mbele ya wazazi, mwalimu alimwandaa jirani yangu wa dawati, Nabintu, kwa namba moja aliyomfundisha yeye peke yake: 12 345 679. Baba yake alikwisha kusema kwamba kwa msichana, darasa la sita linatosha. Mwalimu alitaka baba huyo amwone binti yake akihesabu.

Mimi nilipewa kibao chenye namba ile niinakili kwenye tablo, ule ubao mkubwa wa darasa. Nilikuwa wa kwanza darasani, na mjuaji. Pengo kati ya saba na tisa likanikera. Nilidhani mwalimu amesahau. Nikaingiza nane.

"Papa, chagua tarakimu moja," mwalimu akamwambia baba yake Nabintu.

"Tatu."

"Tatu mara tisa, basi atazidisha kwa ishirini na saba. Utaona tatu tupu."

Nabintu akazidisha alichokikuta. Zikatoka tatu nyingi, na sifuri moja karibu na mwisho. Wazazi wakacheka.

"Njo hii mulikuwa munaniitia?" baba yake akasema, akainuka.

Nabintu akaitazama namba, akaifuta nane kwa kiganja, akaanza upya. Safari hii zikatoka tatu tupu, tisa kwa idadi, zimenyooka kama wanafunzi mbele ya bendera. Tulipiga makofi, lakini baba yake alikuwa ameshafika langoni. Nikamkimbilia, nikamwambia kosa ni langu.

"Mutoto, mambo ya nyumba yangu haikuangalie," akasema, yaani hayanihusu.

Septemba niliingia sekondari bila Nabintu.

Tangu hapo nimeichunguza sana namba ile. Jumlisha tarakimu zake, unapata 37. Igawanye kwa 37, haibaki kitu. Izidishe kwa 9, ni moja tupu. Kwa 18, mbili tupu. Uzuri wake wote unasimama juu ya ile nane isiyokuwepo. Mimi nililiona pengo tu, nikataka kulijaza.

Asubuhi nikiwaona wajukuu wangu wa kike wakiteremka kwenda chuo kikuu, wakicheka na kuchelewa bila haya, nawagombeza kwa mazoea. Enzi zetu zilikuwa tamu, sikatai. Lakini hawa wanaweza kukosea hesabu Jumatatu na Jumanne wakarudi darasani. Nabintu alipewa nafasi moja tu, mbele ya watu, na kosa lililomwondoa shuleni halikuwa lake.