Mama alipolikosa neno zambarau

Jamani, naombeni ushauri.

Mama yangu anauza vitenge Kariakoo tangu sijazaliwa. Ukichukua sare ya harusi kwake, ukarudi mwakani umepungukiwa, huhitaji kuja na kipande. Akikuona tu, analikumbuka ua la kitenge chako.

Leo kaja dada mmoja.
"Shikamoo mama. Tulichukua sare kwako, imepungua."
"Marahaba. Nakukumbuka."
Hapohapo akanielekezea rafu kwa fimbo ya kupimia. "Nishushie hicho."

Mimi niko juu ya ngazi. "Kipi, Mama? Cha rangi gani?"

Akaninyooshea fimbo tena.

"Cha ile rangi ya... zile za kula. Zinachafua ulimi."

Dada akacheka. Na mimi nikacheka, nikajua Mama anatania.
Halafu nikamtazama machoni. Mama alikuwa ameogopa.

Nikashusha cha zambarau, kikawa ndicho chenyewe. Ua lilelile!

Sasa ndiyo naelewa. Miezi yote hii ananinyooshea fimbo, "lete hicho, weka pale," mimi nanuna, naona ananifanyia ubosi. Kumbe majina yanamkimbia.

Wenye wazazi wazee, hebu niambieni ukweli: ni uzee tu, au nianze kuogopa? Maana nimeshaanza.

Mteja alipoondoka nilimnyanyulia mkasi. "Mama, hiki nini?"

Akacheka. "Usinifanye mtoto mie."
Akaninyang'anya, akakata kitambaa, kimenyooka kabisa.

Jina hakulitaja.