Choroko Zilizotiwa Mvuje

Choroko zilizotolewa maganda, zikachemshwa mpaka zikavurugika, manjano, zinateleza: hicho ndicho chakula alichokuwa akiniletea jirani yangu wa Kihindi pale Shumaisi, Riyadh, nilipokuwa na mimba ya tatu. Mbili za mwanzo ziliharibika. Katika hii ya tatu nilitapika chai, nikatapika mkate, nikatapika hata maji. Daktari aliniambia wazi kuwa nisipopata chakula cha kukaa tumboni atanilaza, na hakuniahidi kwamba mtoto atapona.

Mimi ni mtu wa Unguja. Kwetu choroko huliwa na maganda yake, punje uione na uitafune. Zile za jirani zilionekana kama zimekwisha kutafunwa na mtu mwingine. Na harufu yake! Hata kabla hajagonga, ilishapenya chini ya mlango: samli, vitunguu thomu, na kitu kingine kikali kama soksi zilizolala majini. Nilipokea bakuli, nikashukuru kwa adabu, nia yangu kuzimwaga chooni. Lakini mwenzangu hakuondoka. Alivuta kiti, akaketi, akanikodolea macho.

"Kula, dada. Mafi mushkila, hamna tabu," alisema kwa kile Kiarabu chetu cha kubabaisha.

Nikala ili aondoke. Chakula kikakaa. Kesho yake kikakaa tena, na mume wangu akaanza kumwombea dua mwanamke yule.

Basi nikaenda jikoni kwake nione anavyopika. Samli ilipopata moto alifungua kikopo, akachota unga kidogo, akaunyunyiza. Uvundo ukanipiga usoni, na hapo nikaujua. Mvuje! Mvuje ule ule ambao kwetu mtoto mchanga hufungwa mkononi ili mashetani yasimsogelee. Hatuuli. Ukiushika unanawa. Nilitamani kujikwangua ulimi kwa kisu.

Nikampigia mama simu.

"Unakula mvuje na una mimba?" Mama alipiga ukelele. "We mtoto una wazimu? Mvuje kazi yake kufukuza. Utamfukuza na huyo aliyemo!"

Nilicheka, kisha nikaingiwa na hofu. Nikamwomba jirani apike bila ule unga. Alishangaa, akasema choroko zitanijaza gesi, lakini akapika. Zilikuja safi, hazina harufu, nikazila kwa raha. Sikuwahi hata kufika chooni, zote zikarudi. Kesho yake zikarudi vilevile. Nilikaa sakafuni, mdomo mchungu, nikimchukia jirani, nikimchukia mama, nikiuchukia na mwili wangu uliochagua uchafu ule na kukataa kila kitu kingine.

Nikajikokota mpaka mlangoni kwake.

"Tia unga wako," nikamwambia. "Yalla, tia."

Mama aliponipigia yeye, kwa video, mimba ilikwisha kuvuka pale zilipokomea zile mbili.

"Umekula nini leo, mwanangu?"

"Choroko, mama."

"Choroko tu?"

"Choroko tu."

"Alhamdulillahi. Hebu kula nikuone."

Nikachukua bakuli, nikala mbele yake kijiko baada ya kijiko, uvundo umenijaa puani, na hakikurudi hata kijiko kimoja.