Asilimia Thelathini na Moja Hadi Chamazi

Mimi si mtu wa kutulia. Hata nikikaa sebuleni mguu unacheza wenyewe, na mama huniambia niuache, nisije nikaita mashetani. Tangu ninunue gari la umeme ndiyo nimekuwa balaa kabisa. Ni gari kubwa la abiria, viti kumi na vinne, likiingia nyumbani kwetu Tegeta geti halifungi mpaka nilisogeze mara tatu. Kazi yake ni kubeba wanafunzi asubuhi na jioni. Halina tanki wala mshale wa mafuta. Lina namba tu, ya asilimia, inayokaa mbele ya macho yangu siku nzima ikishuka, na mimi roho inashuka nayo.

Watu huniuliza linakwenda kilometa ngapi. Karatasi zake zinasema mia mbili na arobaini. Aliyeziandika hajapata kupakia watoto kumi na wanne na mabegi yao, akawasha kiyoyozi, akasimama dakika arobaini kwenye foleni ya Kibaoni. Hesabu yangu mimi ni mia na sitini, na hata hiyo siiamini sana.

Kulichaji nalichaji nyumbani. Fundi alivuta waya mnene kutoka kwenye mita, akafunga soketi ukutani nje ya dirisha la jikoni, na swichi yake nyekundu akaiweka ndani. Nachomeka magharibi, nachomoa alfajiri. Siku ile fundi alipoondoka nilitangaza kwa watu wote wa nyumba ile kwamba gusa chochote, swichi nyekundu usiguse. Watu wote wa nyumba ile ni mama yangu.

Mama amepita miaka sabini na radi anaiogopa tangu utoto. Ikianza kunguruma hufunika vioo vyote kwa kanga, huzima redio, huchomoa friji na televisheni, kisha hupanda kitandani na tasbihi yake. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia, ingawa bibi hakuwa na friji. Nami simcheki. Mtu mzima kama mimi, mwenye leseni ya daraja la juu, radi ikinikuta mbele ya kioo nageuka.

Ijumaa moja ya masika nilirudi kutoka Bagamoyo, nilikokuwa nimepeleka watu kwenye harusi, namba ikiwa kumi na nane. Nikachomeka, nikahakikisha taa ya kijani inapepesa, nikala, nikalala fofofo. Alfajiri simu ya mama ikalia. Dada yake mkubwa, mama yangu mkubwa wa Chamazi, alikuwa amefariki. Mazishi adhuhuri ileile.

Huyo mama mkubwa alinilea miaka minne nilipokuwa msichana, mama akihangaika na biashara ya samaki. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka ukili, kupika wali wa nazi usiogandia chini, na kumjibu mtu bila kupandisha sauti. Hilo la mwisho halikuniingia.

Kwetu maiti hacheleweshwi, na wanawake hatuendi makaburini. Tunachopata ni kumwona ndugu yetu uso, pale nyumbani, akishaoshwa na kukafiniwa, kabla wanaume hawajanyanyua jeneza kwenda kumswalia. Likishatoka mlangoni, basi. Mama alikuwa anahangaika chumbani akitafuta viatu, na alikuwa akirudia maneno yaleyale: "Nimwone uso wake tu. Uso wake tu."

Nikatoka nje na ufunguo. Taa ya kijani haikuwaka. Namba ilikuwa ishirini na tatu.

Nikarudi jikoni mbio. Swichi nyekundu ilikuwa imezimwa. Nikaangalia sebuleni, kioo kikubwa kimefunikwa kanga, friji limechomolewa, chini yake pametota maji. Kumbe radi ilipiga nimelala.

Sijui kama nimewahi kuwa na hasira kama ile. Maneno yalishafika kwenye meno. Nikaenda chumbani kwa mama kwa hatua za ugomvi, nikamkuta amesimama katikati ya chumba amevaa baibui upande wa ndani nje, mishono yote inaonekana, mkononi kiatu kimoja. Akanitazama. Nikamvua baibui, nikaligeuza, nikamvalisha. Swichi nikaiwasha mwenyewe.

Tungeondoka saa hiyohiyo labda mambo yangekuwa mengine, lakini msiba hauendewi na watu wawili. Majirani walianza kuingia, kila mmoja na shikamoo yake na pole yake, na kila mmoja akilitupia jicho gari langu. Gari la viti kumi na vinne lipo uani, halafu nimwambie nani asiende kuzika? Wakaja na mikeka, wakaja na mfuko wa mchele. Hadi saa tatu, waya ulipokuwa umepandisha namba hadi thelathini na moja, nilikuwa na watu kumi na wawili ndani na mvua juu. Nilipiga hesabu kwa vidole vya mguu, ndani ya kiatu, mama asione. Kilometa hamsini kwa gari lililojaa. Chamazi ni arobaini na kitu. Tunafika, mradi tusikohoe.

Tulikohoa Kinondoni. Mama mdogo, yule wa mwisho kuzaliwa, alikuwa anaishi huko, na kupita barabarani bila kumchukua lingekuwa jambo la kusemwa mpaka kiama. Alisema yuko tayari. Mtu wa kwetu akikuambia yuko tayari, ujue ameshatoka bafuni. Tukamsubiri kwenye kichochoro, vioo vimepanda kwa sababu ya mvua, kiyoyozi kinavuma kwa sababu ya wazee, na mimi macho kwenye namba. Ishirini na mbili. Ishirini na moja. Nikapiga honi. Mama akanikata jicho.

"Msibani hatupigiani honi."

"Mama, chaji inaisha."

"Basi asubuhi ungelijaza."

Nikauma ulimi hadi nikasikia ladha ya chumvi. Mama mdogo akatoka na sufuria mbili za kupikia pilau, kila moja kubwa ya kumkogesha mtoto. Ziliingia kwa mabishano.

Baada ya hapo nilizima kiyoyozi. Joto likatanda, watu wakaanza kujipepea kwa kanga na bahasha. Nikashika mwendo wa taratibu, mguu mwepesi, nikiacha gari liteleze kila palipokuwa na mteremko, maana gari hili likiteleza linajirudishia chaji kidogo. Bodaboda zilitupita. Bajaji zilitupita. Malori ya mchanga yalitupita.

"We mtoto, mbona watambaa?" mama akauliza.

"Nikikimbia, chaji inakwisha haraka."

"Si ndiyo maana ukimbize? Tufike kabla haijakwisha!"

Gari zima likamuunga mkono. Hakuna aliyeona kasoro kwenye hesabu ile. Shangazi mmoja wa jirani akatoa kichwa kutoka kiti cha nyuma. "Kwani mwanangu, jana hukuchaji?"

Niliona kwenye kioo cha juu mama amegeukia dirishani, anafuta ukungu kwa ncha ya mtandio, anafuta palepale.

"Nilisahau," nikasema.

Shangazi akasonya kwa adabu. Sijui kilichonifanya niseme hivyo, mimi ambaye sina dogo. Labda ule mkono uliokuwa unafuta.

Mbagala Rangi Tatu namba ilikuwa nne. Gari likatoa mlio mwembamba, taa ya njano ikawaka, na likapoteza nguvu, hata ukikanyaga haliitikii. Saa tano na dakika arobaini. Zilibaki kama kilometa sita, na njia ya kuingilia nyumbani ni ya matope. Nililiacha litambae hadi kwenye karakana ya fundi wa kuchomelea mageti, kwa sababu mtu wa kuchomelea ana umeme wa kueleweka. Fundi alivua miwani yake myeusi, akalizunguka gari.

"Sista, hii ni gari au friji?"

"Kaka, tuna msiba."

Alichomoa mashine yake mwenyewe, akanipa soketi. Hata leo nikipita pale nampigia honi.

Nusu saa hivi, nikahesabu, ningepata asilimia mbili, labda tatu. Lakini jeneza lingetoka kwenye saa sita na robo. Nikamtazama mama, nikatazama bodaboda wawili waliokuwa wamejikinga mvua chini ya bati la fundi. Mama yangu hajapata kupanda bodaboda. Alishatuapia wanawe wote kwamba mtoto atakayepanda pikipiki si wake.

"Wapi pa kushika?" akauliza.

Alipanda upande, miguu yote huku, akamkumbatia yule dereva kiunoni. Bodaboda wa pili akanisogezea kiti chake. Mzee jirani yetu, mtu mwenye busara zake, aliyekuwa ameshuka kunyoosha mgongo, akaniambia, "Nenda na mama yako, mwanangu. Gari nitalilinda mie. Ikitosha nitakupigia uje."

Hapa ndipo ninapojiuliza hadi leo. Ningeweza kwenda. Mzee alikuwepo, fundi alikuwepo, gari lisingeibiwa na mtu, maana hata kuliendesha lilikuwa haliendesheki. Lakini nilifikiri, waya je? Akija mtu akaukwaa? Akichomoa kabla namba haijafika sita? Nani atajua kusoma namba? Nikatazama kioo cha namba, nne bado, nikamwambia mama, "Tangulia, nakuja nyuma yako sasa hivi." Nikasema sasa hivi. Mama mdogo akadandia ile bodaboda ya pili bila kuambiwa, na wakaondoka wakirusha matope.

Waliobaki, wenye miguu walitafuta bajaji. Tukabaki mimi, mzee, shangazi na sufuria mbili. Nililizunguka gari lile sijui mara ngapi. Tano. Nikakaa, nikasimama. Fundi alinipa kigoda, nikakipiga teke kwa bahati mbaya. Tano bado. Ikageuka sita nikiwa nimeshika plagi mkononi, nikaichomoa, nikaondoka.

Gari la umeme halina mngurumo. Nimelisifia hilo kwa watu wengi, kwamba watoto wanalala humo kama wako chumbani. Nilipokata kona ya mwisho ya kwa mama mkubwa, wanaume walikuwa wameshajaa njia nzima, jeneza juu mabegani limefunikwa nguo ya kijani, wanakuja upande wangu, na hakuna aliyesikia kwamba nimefika. Nikasogeza gari hadi ukuta wa mtu. Nikashusha kioo. Wakapita wakitaja jina la Mungu, karibu kiasi kwamba bega la mtu liligusa kioo changu cha pembeni, kikajikunja. Ile nguo ya kijani ilipita mbele ya uso wangu. Mzee jirani alishuka taratibu, akatia bega chini ya jeneza, akaenda nao. Mimi nikabaki na usukani. Namba ilikuwa tatu.

Nililia kwa kelele. Shangazi aliniacha nilie, kisha akanikumbusha kuzima vifutio vya mvua, vilikuwa vinakwaruza kioo kikavu.

Mama nilimkuta ndani, amekaa mkekani katikati ya wanawake, matope mpaka kwenye mapaja ya baibui. Nilikaa mbele yake. Nilikuwa na mambo mawili kichwani, na yote mabaya. Nilitaka kumwambia ni yeye aliyezima. Nilitaka pia kumwambia ni mimi niliyekataa kupanda. Akanishika kidevu kama alivyokuwa akinishika zamani akitaka kunitazama macho kama nina homa.

"Nimemwangalia mara mbili," akasema. "Ya pili yako."

Swichi haikutajwa siku ile, wala siku zile tatu za matanga, wala tuliporudi Tegeta. Nilisubiri aseme. Kuna siku nilitaka kulianzisha mwenyewe nikiwa naosha vyombo, nikavunja bilauri, tukaishia kugombana kuhusu bilauri.

Kama mwezi mmoja baadaye, Jumapili mchana, gari likiwa limechomekwa kwa safari ya kesho yake, nilikuwa kwa jirani nasukwa nywele. Mbingu ikafunga ghafla. Radi ya kwanza ilipopiga niliruka na kichwa nusu, kitana kikining'inia, nikakimbia uani kwa jirani, nikakimbia kwetu, nimeshajiandaa kwa ugomvi niliokuwa nimeuweka tangu masika.

Sebuleni kioo kilikuwa kimefunikwa kanga. Redio kimya. Friji limechomolewa. Kitandani kwa mama hapakuwa na mtu.

Alikuwa jikoni. Alikuwa amevuta mbuzi ya kukunia nazi hadi chini ya dirisha, amekaa juu yake, tasbihi mkononi, kanga ameivuta hadi kwenye paji la uso. Swichi nyekundu ilikuwa juu ya kichwa chake, imewashwa. Nikamwita, hakugeuka. Alikuwa anatazama nje, kwenye ile taa ya kijani ya gari. Nikakaa sakafuni karibu naye.

Radi ikapiga hadi sahani zikatikisika kabatini. Mama akafumba macho, mkono wake ukaja ukanishika goti na kulibana. Kisha akafumbua jicho moja, akaitafuta taa.

"Bado inawaka," akaniambia.