Niliichambua Protoni Kama Karafuu

Kosa langu la mwanzo lilikuwa usafi. Naam, usafi. Wenzangu huharibikiwa na ulevi, mie nimeharibikiwa na kupenda grafu isiyo na doa.

Nimekulia Wambaa. Kwetu karafuu ikishuka mtini, nyumba nzima hukaa mkekani kuchambua: karafuu huku, makonyo, vile vikonyo vitupu, kule. Tangu mdogo nasifiwa kwamba fungu langu halina konyo hata moja. Sifa hizo ndizo zilizonimaliza.

Mie na Zuwena, binti ami yangu wa Tibirinzi, tulijifunza fizikia wenyewe mtandaoni. Tukachukua data za wazi za mashine ya kugonganisha chembe: elektroni inagonga protoni, inatawanyika, nawe kwa kutazama ilivyotawanyika unajua ndani ya protoni mna nini. Chuo kimoja cha bara kiliahidi mafunzo kwa watakaowasilisha kazi nzuri. Zuwena aliyataka mafunzo yale kuliko harusi.

Grafu yetu ilipendeza, ila nukta za pembeni zilipanda juu kwa kiburi. Nikaona hayo ni makonyo tu. Nikazifuta, bila ya kumwambia. Bingwa wa usafi!

Aliyewasilisha ni Zuwena, maana mie sauti hunitetemeka. Profesa wa chuo kile akauliza kwenye skrini, "Binti, mbona upande huu mtupu?"

"Nadhani haukupimwa, Profesa."

"Umepimwa, na umo humo humo mlimochukua data. Kule kupanda ndiko kulikotuonyesha kuwa protoni imejaa gluoni, zile chembe zinazoshikanisha kwaki, vijenzi vya protoni yenyewe. Umekuficha kwa nini?"

Zuwena akanigeukia. Mie nikaitazama feni. Ilikuwa inazunguka vizuri sana, nakuhakikishieni.

Tulipotoka hakupiga kelele. "Ungelinambia tu," akasema. "Mie naitwa mwongo, we umekaa kimya kama mkwe ugenini."

Maneno hayo yalininyima usingizi. Nikamwandikia profesa: aliyefuta ni mie, mwenzangu hakujua. Zuwena akaruhusiwa kurudia peke yake, na nukta zote. Akayapata mafunzo. Mie mwenye mikono safi nimebaki na feni.

Nyie mnaotaka kila kitu kinyooke, jiangalieni. Kazi ikiwa ya wawili, usafi wa siri ni wizi.

Siku hizi nukta ikinikera naiacha ilipo, na sifuti kitu kabla ya kumwambia mtu. Zuwena huitikia salamu zangu. Salamu tu.